Takwimu za Bure za MAXI kwa Anayefuatilia Hercules X-1

Anayetaka kujionea jinsi nyota ya nutroni, yaani kiini kidogo kizito mno kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka, inavyobadilika mwezi hadi mwezi hahitaji kumiliki darubini, kwani taasisi ya RIKEN ya Japani hutoa bure kwenye intaneti vipimo vya MAXI, chombo cha eksirei kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2009, ambacho huipitia sehemu kubwa ya anga kila kituo kinapoizunguka Dunia, yaani kila dakika 92 hivi.

Nimeipima huduma hii kwa nyota ya nutroni ninayoipenda kuliko zote, Hercules X-1, katika kundinyota la Rakisi. Nyota hiyo hujizungusha mara moja kila sekunde 1.24, na huzungukana na nyota mwenzake kwa siku 1.7, lakini kinachodai subira ni mzunguko wake wa tatu, wa siku 35 hivi, uliogunduliwa kwa setilaiti ya eksirei ya Uhuru, ile iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970.

Faili lenyewe ni la maandishi matupu: safu ya kwanza ni siku, ya pili ni kiasi cha fotoni (chembe za eksirei) zilizopokelewa, ya tatu ni ukubwa wa shaka ya kipimo. Ukizichora namba hizo, utaona vitone vikilala karibu na sifuri, kisha vikipanda ghafla, vikikaa juu kwa siku kumi hivi na kushuka, ndipo uje mwinuko wa pili, mdogo na mfupi. Nyota haizimiki, diski ya gesi inayoizunguka imepinda na huyumba polepole kama pia ya kuchezea watoto, ikituzibia nyota na kuifunua tena. Mara chache utaratibu huo huvurugika kwa miezi mingi, na hapo ndipo kumbukumbu ndefu kama hii huwa na thamani isiyo kifani.

Hata hivyo, mtumiaji awe macho. Njia ya kituo angani nayo huyumba kwa kipindi cha siku 70 hivi, mara mbili ya zile 35 tunazozitafuta, kwa hiyo si kila wimbi katika grafu ni la nyota. Mimi hulinganisha kila mara na vipimo vya BAT, chombo kingine cha eksirei kwenye setilaiti ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004, ambavyo navyo ni vya bure.

Jambo jingine ni kupatwa: kila siku 1.7 nyota hujificha nyuma ya mwenzake kwa zaidi ya saa tano, na wastani wa siku nzima huchanganya saa hizo na za mwanga. Kwa sababu hiyo ninapendekeza faili la vipimo vya kila mzunguko wa kituo, ambalo lina shaka kubwa zaidi katika kila kitone, lakini humwezesha mtu kuviondoa vitone vya kupatwa kabla ya kuanza kuhesabu.