Kibubu cha mbao cha elfu kumi: noti sawa, sarafu hapana

Hivi vibubu vya mbao vilivyojaa barabarani siku hizi, vile vyenye namba zimechapwa ubavuni unazikata moja moja mpaka ufike milioni, ninacho kimoja nyumbani na kimekaa muda wa kutosha kukisemea. Nilikichukua elfu kumi kwa kijana anayevitembeza kwenye foleni, saizi ya kati, kimepigwa vanishi safi tu, na lengo langu halikuwa milioni wala nini, nilitaka mahali pa kutupia chenji maana pale kwangu zilikuwa kila sehemu, juu ya friji jero, yaani mia tano, kwenye droo mia mbili, kwenye beseni la nguo ndo usiseme. Nyumba yenye watu wanaopanda daladala kila siku inazaa sarafu yenyewe tu.

Sasa bidhaa yenyewe. Mbao za ubavuni ni nzuri, sina neno, ila chini wameweka plaiwudi nyembamba imeshikwa na gundi na vimisumari vidogo. Ukiweka noti haina shida, noti ina uzito gani? Sarafu ni chuma jamani. Jero moja ni gramu 9 na nusu, kwa hiyo laki moja ya jero tupu ni sarafu 200, karibu kilo mbili, na hiyo ndo sarafu yenye thamani kubwa kuliko zote, ukijaza mia mia laki hiyo hiyo inakuwa sarafu 1,000 na pale chini panaanza kuota kitambi. Changu kona moja iliachia kabla hakijafika hata nusu, nikaongeza misumari mwenyewe.

Alafu tundu. Limekatwa refu na pana ili noti iliyokunjwa ipite, sawa, lakini ukikigeuza ukatikisa kidogo sarafu zinadondoka kama karanga, na watoto waliligundua hilo mapema kuliko mimi. Kelele zake pia, mtu akikinyanyua tu jirani anajua mna hela.

Ila hayo yote ningevumilia. Kinachonikera ni kwamba kibubu hakina mlango, kukifungua mpaka ukivunje, na kwa mtu anayeweka akiba hiyo ndo raha yake maana kuvunja kunauma, unajizuia. Chenji sio akiba lakini! Chenji ni kitu unachokitafuta kila asubuhi. Unatoka mbio saa kumi na mbili unataka mia sita ya nauli, hela unayo kabisa, ila iko ndani ya boksi ulilolipigilia misumari mwenyewe, mfukoni una elfu kumi na konda ameshaanza kukuangalia vibaya.

Na hapa mjini Dar chenji imekuwa bidhaa kabisa. Nauli ya njia fupi ilipokuwa 500 mambo yalikuwa mepesi, mtu anatoa jero basi kamaliza, akitoa buku, yaani elfu moja, anarudishiwa jero moja. Tangu ifike 600 mwishoni mwa 2023 kila anayetoa buku anadai mia nne, konda atazitoa wapi mia mia zote hizo? Ndo maana vituoni utakuta jamaa kazi yao ni kuuza chenji kwa makonda, unampa noti anakupa sarafu pungufu, hiyo tofauti ndo mkate wake. Makonda wakizikosa ndo wewe na abiria usiyemjua mnapewa noti moja, mnaambiwa mtagawana wenyewe huko chini. Dukani wanakupa pipi. Mi nimeshakula pipi nyingi sana za lazima mjini hapa.

Kwa hiyo kama una kopo la sarafu ndani elewa umekalia kitu ambacho kuna watu wanakilipia, usikipeleke mahali wanakokiona mzigo. Benki kwa mfano. Benki yangu sitaitaja, nilienda na mfuko wangu, dada wa dirishani akauangalia kama nimemletea nyoka, ooh ulitakiwa uzitenganishe, mia peke yake, mia mbili peke yake, ooh njoo asubuhi kabla hapajajaa, mwisho alizipokea lakini watu nyuma yangu walikuwa wanaguna na mimi mwenyewe ningeguna. Kama una sarafu za biashara nyingi kweli benki ndo njia, zipange kwenye vifuko vya elfu kumi kumi uandike juu. Kwa kopo la nyumbani usijisumbue.

Nilipopaona pa maana ni kwa mangi, yaani mwenye duka la mtaani. Sio mangi yeyote, mangi ambaye pia ni wakala wa hela za simu. Huyu ana shida ya chenji kuanzia saa moja asubuhi, na hapo hapo ana floti, yaani salio la uwakala kwenye simu, kwa hiyo unampa sarafu za elfu kumi na tano anakuwekea elfu kumi na tano kwenye simu, kuweka hakuna makato, zimeingia zote. Wakala wa kibandani asiye na duka atakukatalia na ana haki, sarafu anazipeleka wapi yeye? Wa dukani anakushukuru. Wangu siku hizi ananipigia kabisa, mzee vipi zipo? Nenda jioni au asubuhi mapema, mchana anakuwa ameshapata za kwenye mauzo. Mpinzani wako mkubwa ni kanisa, Jumapili jioni mangi anakuwa ameshajaziwa za sadaka, kwa hiyo Jumatatu usiende hahaha.

Kumuuzia konda moja kwa moja nako kunawezekana, wengine wanakubali hata kukupa ofa kidogo, ila mi sijawahi kuipenda, gari linaondoka, anahesabu huku anaita abiria, ukikosewa buku utamfuata wapi.

Kitu kingine kinachouzwa ni yale makopo ya plastiki ya betri yenye kioo kwenye mfuniko, unadumbukiza sarafu yanajumlisha yenyewe. Yamekaa vizuri machoni lakini kabla hujatoa hela muulize muuzaji yanahesabu sarafu gani, mengi yametengenezwa kwa dola au euro au pauni, shilingi yetu hayaijui, unaweka mia mbili inakuandikia vitu vya ajabu. Kama pambo sawa, mtoto atafurahi.

Mimi nimeishia na kopo tupu la maziwa ya unga lenye mfuniko, bei yake sifuri, liko mlangoni. Anayetoka anachukua nauli, anayerudi anatupia alichorudishiwa, likijaa linaenda kwa mangi. Yani hiyo mia sita ya asubuhi imeacha kuwa ugomvi ndani ya nyumba.

Kibubu cha mbao sijakitupa, kimebaki cha noti na huko kinafanya kazi yake vizuri, nakipa nyota tatu na nusu, kwa sarafu nyota moja na hiyo moja ni ya vanishi. Ukikinunua cha noti kitikise kwanza pale pale barabarani, gusa plaiwudi ya chini kwa kidole gumba, ikibonyea rudisha. Na usikifungie miaka na miaka ukakisahau. BoT, yaani Benki Kuu, waliziondoa noti za zamani za kuanzia 1985 mpaka 2003 pamoja na ile jero ya karatasi ya 2010, dirisha la kubadilisha likafungwa Aprili 2025, kwa hiyo mwenye kibubu cha siku nyingi akivunja leo akakuta jero za karatasi humo ameokota makaratasi. Sarafu ya jero yenyewe ilikuja 2014 kwa sababu hiyo noti ilikuwa inachakaa vibaya, inapita mikono mingi mno.

Kimebaki kitu kimoja tu sijakipatia dawa, za hamsini, zile zenye kifaru. Ni hela halali, konda ukimpa anakuangalia kama umemtukana, mangi anachagua mia na mia mbili ananirudishia hamsini zangu kwenye kifuko. Kwa sasa anazipokea mama wa mchicha, na yeye ameshaanza kusema mwanangu leo nipe noti.