Presha kuka ya umeme kipupwe hiki: nilivyoiona jikoni kwetu Makorora

Likizo ya Juni ilipofika, shangazi alipiga simu kutoka Lushoto kwamba anashuka na wajukuu zake watatu. Wiki haijaisha, kaka naye akasema anatoka Dodoma na wifi na watoto wao wawili. Ukitujumlisha mimi, mama na mwanangu, tukawa watu 11 kwenye nyumba yetu ya Makorora, hapa Tanga. Jiko lilikuwa moja, la mkaa, na anayekaa mbele yake ni mama, mwenye miaka 67 na macho yanayochuruzika machozi kila moshi ukimpiga. Zamu yangu ya upatu iliangukia mwezi huohuo. Nikaenda Ngamiani, nikazunguka maduka matatu, nikarudi na presha kuka ya umeme ya lita 6, wati 1,000, kwa Sh 165,000.

Kwangu hiyo ni pesa nyingi. Ndiyo maana nimeitumia karibu kila siku kwa miezi miwili kabla ya kuandika: maharage, kunde, makongoro, pweza, mihogo, ndizi za nyama. Aina zilizojaa madukani zinafanana sana, kwa hiyo ninayoyasema hapa yatakufaa hata kama yako ina jina jingine ubavuni.

Swali la kwanza la kila jirani ni umeme: "Haiwamalizi?" Nilipima mwenyewe. Nilizima friji, taa na televisheni, nikasoma LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla: uniti 31.6. Nikaweka kilo moja ya maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha. Yalipoiva nikasoma tena: 31.1. Nusu uniti basi. Sisi tuko kwenye matumizi ya kawaida, uniti moja inatujia kama Sh 356 pamoja na makato yake, kwa hiyo maharage ya kilo nzima yalipikwa kwa kama Sh 180. Wale walio kwenye daraja la chini, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanalipa Sh 100 kwa uniti kabla ya makato, kwao haifiki hata Sh 70. Kwa mkaa, maharage hayohayo yalikuwa yakila makopo mawili, na kopo letu ni Sh 1,000. Siri yake ni kwamba wati 1,000 hazili muda wote. Presha ikishapanda, umeme unajikata, unarudi kidogo, unajikata tena, na joto linabaki ndani kwa sababu ukuta wake ni wa tabaka mbili.

Dakika zilizoandikwa kwenye vitufe zisikudanganye. Ukibonyeza maharage itakuandikia 20 au 30, lakini saa hiyo inaanza kuhesabu presha ikishapanda. Kwa chungu kilichojaa nusu, kupanda tu kunachukua dakika 20 na ushei. Kisha dakika 20 za kuiva, kisha robo saa ya kuiacha ishuke yenyewe mpaka kile kidude kidogo cha mfunikoni kizame. Saa moja kamili. Kwa mkaa mama alikuwa akimaliza saa mbili na nusu, akipepea. Tofauti bado ni kubwa, lakini usimtangazie mgeni mwenye njaa kwamba chakula ni nusu saa.

Aliyeshangaa kuliko wote ni shangazi. Alikuja na maharage yake mwenyewe kwenye kiroba, yale ya njano ya kule, na alipoyaona mezani mchana uleule akauliza, "Wifi, haya ni maharage yangu?" Mama akamjibu, "Ndiyo hayohayo, wifi." Akaliponda moja kwa kidole gumba ukingoni mwa sahani. Likalainika lote, ganda na kiini, pasipo kuacha ile punje ngumu ya katikati. Kule kwake kuni zinawaka tangu asubuhi na bado maharage yanabishana na jino. Si ubaya wa kuni wala wa maharage. Lushoto iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na maji huko yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, wakati sisi huku pwani yanachemka kwenye 100. Ndani ya presha kuka mvuke unabanwa, maji yanapita 100 na kukaribia 120 kabla ya kuchemka. Nyuzi hizo chache ndizo zinazolainisha ganda.

Wageni hawa walikuja katikati ya kipupwe. Kipupwe cha Tanga ni cha upole, usiku joto linashuka hadi nyuzi 20 hivi, kusi inavuma, mvua za mchoo zinapita na kuondoka kabla hujaanua nguo. Watoto wetu wanavaa sweta. Wajukuu wa shangazi, waliotoka kwenye ukungu wa Usambara, walikaa na fulana wakidai kuna joto, na kila siku walitaka kupelekwa Raskazone kuogelea. Shangazi mwenyewe alikuwa akiketi ukumbini na dera jepesi, akimwambia mama aliyejitanda kanga mbili, "Wifi, hii mnaiita baridi?"

Katika hali ya hewa hiyo supu ndiyo chakula chenyewe. Nilikuwa naweka makongoro saa nne usiku, vitunguu, tangawizi, chumvi, maji mpaka alama, nafunga mfuniko, nabonyeza dakika 50, nakwenda kulala. Ikimaliza inajihamisha yenyewe kwenye moto wa kutunza. Asubuhi ya kwanza mama aliamka kwa swala ya alfajiri kama kawaida yake, na kama kawaida yake akatoka uani kutafuta mkaa. Nikamwambia supu ipo tayari. Akafunua mfuniko mwenyewe, mvuke ukamfunika uso, akachota upawa mmoja akautazama. Ngozi ya kwato ilikuwa imeachana na mfupa, na mchuzi ulikuwa mzito wa kushikana midomo. Akajikamulia limau, akaketi mkekani na shangazi, bakuli kalishika kwa viganja vyote viwili, na hakuinuka. Hakuna aliyemwita jikoni. Watoto waliamka mmoja mmoja wakimkuta bibi yao ameketi. Nilisimama mlangoni nikahesabu miaka ambayo nimemwona mama asubuhi akiwa ameinama juu ya jiko, nikashindwa kuimaliza.

Pweza ni jambo la pili lililonifanya nisijutie. Siku za bamvua, maji yakipwa sana, pweza anapatikana vizuri na bei inapungua. Nilinunua wa kilo moja na nusu pale Deep Sea, sokoni kwa samaki. Ukimchemsha kwa mkaa, hata akiwa amepigwa kwenye jiwe vizuri, kuna siku anakukubalia na kuna siku anakuwa kama kandambili. Nilimweka bila chumvi, na maji kikombe kimoja tu kwa sababu anatoa maji yake mwenyewe, dakika 15 za presha. Akaiva sawasawa, mikia hata haikuchunika. Kisha mchuzi wa nazi nikaupika mfuniko ukiwa wazi. Hapa nasisitiza, maana niliharibu mara moja. Usitie tui zito ukafunga presha. Tui litakatika, mafuta yapande juu na chini ubaki na maji yenye chembechembe. Pikia tui la pili, lile jepesi, kasimile, yaani lile tui zito la kwanza, tia mwishoni bila kufunika.

Wali sikushauri. Unaiva, ndiyo, lakini unakuja na majimaji ya juu, hauachani, na ukoko hakuna. Wali wa nazi wa kupaliwa makaa juu una harufu yake ambayo chungu hiki hakiijui. Mama alionja vijiko viwili, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, wali niachie mimi." Tukabaki hivyo. Wali kwa mkaa, vigumu vyote kwa umeme, na macho yake yanapumzika zaidi ya nusu ya siku.

Sasa kasoro, na ya kwanza ni ukubwa. Lita 6 si lita 6 za chakula. Vitu vinavyotoa povu, kama maharage na kunde, havitakiwi kupita nusu, la sivyo povu linapanda na kuziba kitundu cha mvuke. Vitu vingine mwisho theluthi mbili. Kwa watu 11 nililazimika kupika mara mbili siku ambazo mboga ilikuwa moja. Kama nyumba yako inapokea wageni, na Tanga nyumba gani haipokei, vumilia utafute ya lita 8.

Ya pili ni waya, na hii nataka uisome kwa makini. Jikoni kwetu kuna soketi moja, nikachomeka ekstensheni ya bei ndogo iliyokuwa ya televisheni. Siku ya tatu wifi akachomeka na birika la umeme kwenye ekstensheni hiyohiyo. Birika peke yake linakula wati 2,000. Ilikuwa asubuhi, watoto wanazunguka miguuni, nikasikia harufu ya plastiki. Plagi ilikuwa imelainika, imeanza kuwa nyeusi pembeni, na waya ulikuwa wa moto mkononi. Nilitetemeka nilipomwona mtoto wa kaka, wa miaka minne, amesimama hatua mbili kutoka pale. Mchana huo nilimwita fundi akaweka soketi nyingine ukutani kwa waya mnene, Sh 25,000 pamoja na kazi. Hesabu gharama hiyo tangu mwanzo. Chungu hiki kichomekwe ukutani moja kwa moja, peke yake.

Ya tatu ilitupata siku ya Mapango ya Amboni. Ni karibu, kama kilomita 8 kutoka mjini ukishika barabara ya kwenda Horohoro, lakini mama hajawahi kwenda na sisi hata mara moja, kwa sababu watu wakienda matembezi lazima mmoja abaki apike. Safari hii nikamwambia avae. Niliacha maharage kwenye maji ndani ya chungu, nikatega saa kijiwashe chenyewe saa tano, tukaondoka wote 11. Mama aliingia pangoni ameshika mkono wa shangazi, wanaume wakitangulia na tochi, popo wakipiga kelele juu, na mwongoza wageni akawaonyesha mawe ya chokaa yalivyochongwa na maji. Akasimama kwenye chumba ambacho watu huacha matambiko, akakisoma chote kwa macho, kimya. Kwenye gari akaniambia kwamba tangu msichana amekuwa akisikia habari za Amboni.

Tulipofika nyumbani saa nane, kioo cha chungu kilikuwa kinawakawaka sifuri. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi na kurudi, na chungu kikasahau kila kitu. Maharage yamelala kwenye maji ya baridi, magumu kama tulivyoyaacha. Kaka akakimbia kununua chapati na mihogo ya kukaanga, watoto wakala, na mama hakulalamika hata kidogo, lakini mimi nilikasirika. Kitu kinachouzwa kwa ahadi ya kujitegea saa kingewekewa uwezo wa kukumbuka, kwa sababu umeme kukatika ni jambo tunaloishi nalo. Tangu hapo napika kabla ya kutoka, nachomoa, naacha mfuniko umefungwa. Saa nne baadaye chakula bado kina moto wa kuliwa.

Ya nne inahusu duka. Muuzaji aliniambia nina dhamana ya mwaka mzima. Wiki ya tano mpira wa mfuniko ukalegea, mvuke ukawa unatoka pembeni na presha haipandi. Nikarudi na risiti. Nikaambiwa mpira haumo kwenye dhamana, halafu nikaambiwa kadi yangu haikupigwa muhuri, halafu nikaambiwa bosi hayupo. Nilirudi mara tatu. Mwishowe nilinunua mpira kwa fundi wa vyombo kwa Sh 8,000 na kuuweka mwenyewe, kazi ya dakika moja. Ukinunua, simama hapohapo kaunta kadi ipigwe muhuri na iandikwe tarehe, na omba mpira wa akiba kabla hujalipa. Mpira wenyewe uuchomoe na kuuosha kila baada ya pweza au makongoro, unashika harufu vibaya.

Pamoja na hayo yote ningeinunua tena kesho, ya lita 8. Shangazi hakusubiri nimshawishi. Kabla ya kupanda gari la Lushoto aliniachia pesa, nami nikamtumia ya kwake kwa basi, kadi imepigwa muhuri na mpira wa akiba ndani ya boksi. Nikamwambia aongeze dakika 5 juu ya zile tulizokuwa tukiweka huku, kwa kuwa mgandamizo wa hewa kule juu ni mdogo, na chungu hakipati moto uleule. Jana amepiga simu. Siku hizi Lushoto ina ukungu mpaka saa sita mchana, na kuni alizokuwa amekusanya kwa ajili ya maharage zipo bado. Anaotea moto na wajukuu jioni.