Karatasi za alama za NGS: je, zinakufikisha pembe ya majimbo?

Vuta karibu ramani ya simu hadi majimbo ya Utah, Colorado, New Mexico na Arizona yanapokutana, mahali paitwapo Four Corners, utaona mistari minne imegongana kwenye nukta moja. Nukta hiyo ni mchoro tu. Mpaka wenyewe uko kwenye alama iliyosimikwa na wapima ardhi, na njia bora ya kuifikia ni hifadhidata ya alama za upimaji ya National Geodetic Survey, NGS, idara ya serikali ya Marekani. Iko mtandaoni, ni ya bure, na kwa kazi hii inashinda ramani zote za simu. Lakini haimbembelezi mgeni. Inataka isomwe kwa utaratibu.

Kila alama ina namba yake ya herufi mbili na tarakimu nne. Kama huijui, tafuta kwa kuweka nukta ya kukisia na nusu kipenyo kidogo kuizunguka. Karatasi ya maelezo ya alama ikifunguka, usikimbilie viwianishi, yaani tarakimu za latitudo na longitudo. Soma kwanza neno lililo kando yake. ADJUSTED maana yake vimekokotolewa kutokana na vipimo halisi, viamini. HD_HELD2 ni kipokezi cha GPS cha mkononi, kosa la takriban mita 10. SCALED ndilo linalowapoteza wengi: viwianishi vilisomwa kwenye ramani ya karatasi, na kosa lake ni sekunde 6 hivi, yaani karibu mita 180 kwenda kaskazini au kusini. Ukikuta SCALED, achana na tarakimu, shuka chini kwenye maelezo ya kufika: hatua kutoka barabarani, uzio, nguzo. Anza na maelezo ya karibuni zaidi, kwa sababu uzio huhamishwa na nguzo hung'olewa. Hapo hapo angalia hali ya alama. Ikiandikwa kwamba haikupatikana, jiandae kurudi mikono mitupu.

Kosa la pili ni la kuandika. Karatasi hutoa digrii, dakika na sekunde zikiwa zimeachana kwa nafasi, na simu nyingi hutaka desimali. Alama ya Four Corners ni 36 59 56.31591 kaskazini na 109 02 42.62064 magharibi. Gawa dakika kwa 60, sekunde kwa 3600, jumlisha: 36.998977, na -109.045172. Ukiandika 36.5956 kwa haraka, umeshuka kusini karibu kilomita 45. Ukisahau alama ya kutoa, umehama bara.

Suala la datamu, yaani mfumo wa marejeo ambao viwianishi hupimiwa, lisikutishe sana. Karatasi zinatumia NAD 83 na simu WGS 84, tofauti ni mita moja au mbili, ilhali simu yenyewe hukosea kama mita 5 hata uwanja ukiwa wazi. Hatari ni kipokezi cha zamani kilichobaki kwenye datamu ya zamani, NAD 27. Huko magharibi hicho kinakutupa makumi ya mita.

Four Corners inafaa kwa kujifunzia, maana habari zake zimepotoshwa sana. Mwaka 2009 ilienea kwamba alama iko maili 2.5 mbali na mahali pake. Hesabu hiyo ilichukua longitudo 109 kamili kutoka Greenwich, ilhali sheria ilisema longitudo ya 32 magharibi ya Washington, na Washington iko 77°03′02.3″ kutoka Greenwich. Kwa hesabu ya NGS, alama ya mpima ardhi Chandler Robbins ya mwaka 1875 iko futi 1,807 hivi, mita 551, mashariki ya palipokusudiwa. Hilo halibadilishi kitu: majimbo yaliukubali upimaji, na alama iliyokubaliwa ndiyo mpaka.

Hifadhidata ina mapengo. Pembe zilizo mtoni haziwezi kuwa na kisahani cha chuma cha alama, hivyo unapata jiwe la ushahidi tu, lililowekwa kando kuonyesha pembe iliko. Huko Port Jervis, New York, jiwe kubwa ni shahidi, na mipaka ya New York, New Jersey na Pennsylvania inakutana katikati ya mto Delaware. Alama nyingine imefichika: ile ya Colorado, Kansas na Oklahoma imo chini ya kifuniko barabarani, kwa hiyo tazama magari kabla ya kuinama. Picha ni chache, na vifupisho vya karatasi vinachosha hadi uvizoee.

Unapokwenda Four Corners, kumbuka inasimamiwa na Wanavajo, kabila la Wenyeji wa Marekani: pasi za hifadhi za taifa hazipokelewi, unalipa kiingilio. Angalia pia saa. Wanavajo husogeza saa kiangazi, Arizona haisogezi, na simu ikishika mnara wa Arizona itakuonyesha saa moja nyuma, ukute geti limefungwa.