Tela la kulala lenye chumba cha kutoka nje: uzoefu wangu nalo Chemba na Bahi

Ukienda kukodi tela la kulala lenye chumba kinachotoka nje, ukubwa wa kitanda uwe swali la mwisho. La kwanza liwe hili: mota ikigoma, chumba hiki kinarudishwaje ndani, na mpini wake wa kuzungushia kwa mkono uko wapi? Mwenye tela akiinama akakuonyesha hapo hapo, endelea na mazungumzo. Akikujibu kwamba halijawahi kuharibika, tafuta lingine.

Mimi ni mpima ardhi, na kazi zetu nyingi ziko vijijini. Kiangazi kilichopita tulikodi tela moja la Kimarekani hapa Dodoma mjini, tukazunguka nalo Bahi na Chemba. Kabla ya hapo tulikuwa tunalala Kondoa mjini na kuondoka alfajiri kila siku, kwa sababu huko ndani huwezi kupata nyumba ya wageni itakayolaza timu nzima na vifaa vyake. Tela lilituokolea muda mwingi, na gharama ilikuwa chini ya kulipia vyumba.

Nianze na uzuri wake. Likiwa barabarani lina upana wa karibu mita 2.4 kama matela mengi ya aina hiyo. Ukishaliegesha, unabonyeza kitufe, ubavu mmoja unateleza kwenda nje karibu sentimita 90, na meza na makochi vinakwenda nao. Katikati panabaki uwazi wa kutosha watu wanne kutandaza ramani bila kugongana viwiko. Jioni upepo wa kiangazi unapovuma na vumbi lake jekundu, unaelewa thamani ya kuwa na ofisi yenye kuta.

Lakini tela hili halikutengenezwa kwa ajili yetu, na hilo lina madhara yake. Marekani wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo mlango uko kulia. Kwetu ukisimama kando ya barabara, mlango unafungukia magari yanakopita. Hatukuwahi kumruhusu mtu kushuka barabarani bila mwenzake kusimama nje. Kisha kuna umeme: vifaa vyake ni vya volti 120, wakati TANESCO wanaleta 230. Ukilichomeka moja kwa moja, unaunguza chaja inayolisha betri, na betri ndiyo inayoendesha mota ya chumba kile. Hili tulilokodi lilikuwa na transfoma nzito ya kushusha umeme, imefungwa vizuri. Ikague mwenyewe kwa macho, usitosheke na kuambiwa kwamba ipo.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Tulikuwa Chemba, mahali panapoitwa Kwa Mtoro, tunafunga kambi asubuhi. Nikabonyeza kitufe, mota ikaguna, chumba kikasogea kidogo tu na kusimama. Dereva wetu, ambaye ni fundi umeme wa magari tangu ujana wake, akaniambia, "Dada, achia kitufe. Ukiendelea kuilazimisha tutabaki hata bila fyuzi."

Akatoa mita. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.4, yaani si mbaya. Nilipobonyeza kitufe ikaporomoka chini ya 10. Mota ya namna hii inavuta ampea nyingi, na betri iliyochoka au waya wenye kutu hujificha mpaka mzigo uje. Tukabusti kwa betri ya pikapu huku injini inaunguruma. Tukafungua waya wa arthi kwenye chasisi, ukawa umeota kutu, tukausugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Volti zikatulia, lakini mota ikabaki inaguna bila nguvu. Hapo tukajua ni yenyewe, na fundi wa kuifungua yuko mjini. Na huwezi kulivuta tela likiwa limetoa ubavu nje. Kwenye njia ile yenye migunga pande zote usingefika mbali.

Mpini tulikuwa nao. Mwenye tela alitukabidhi siku ya kwanza, akatulaza chini ya tela mmoja mmoja mpaka kila mtu akaliona tundu. Kwa hilo nampa alama zote, kwa sababu ndilo lililotutoa pale.

Tela letu lina mfumo wa meno: mota inazungusha gia, gia inavuta reli mbili zilizo chini ya chumba. Nyuma ya mota kuna kiwiko kidogo cha breki. Hicho ndicho kinachogeuzwa kwanza, vinginevyo unapambana na breki na mpini hauendi popote. Kabla ya kukigusa, hakikisha tela liko sawasawa na mtu amekishikilia chumba, kwa maana breki ikishaachia, chumba kilichoko kwenye mteremko kinaweza kuondoka chenyewe. Ubavu wa pili wa chasisi kuna mhimili wenye kichwa cha pembe sita. Soketi namba 19 ilikaa vizuri kwenye wa kwetu.

Tukatoa kila kizito kilichokuwa ndani ya chumba kile, hata vyombo vya kupimia. Dereva akazungusha. Mmoja akasimama pembe ya mbele, mwingine ya nyuma, wakitazama kama pande zote zinaingia kwa pamoja. Mimi nilikuwa ndani, nikiangalia zulia lisikunjwe na kitu kisinase kwenye reli. Ni kazi ya polepole, unazungusha sana na chumba kinasogea kidogo. Mpini ukiwa mgumu ghafla, unasimama na kutafuta kinachozuia; huongezi nguvu, kwa sababu jino la gia likivunjika hapo hata mkono hautakusaidia. Vijana wawili wa pale kijijini walitaka kusukuma kwa mabega tukawaomba wangoje, kwani mfumo wa meno hausukumwi. Raba za pembeni zilipobanana vizuri, akaacha kuzungusha na kurudisha kiwiko cha breki mahali pake. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo watu wengi huisahau, na chumba kisichoshikwa na breki kinaweza kuanza kutoka chenyewe njiani. Sisi tuliongeza mkanda wa kufungia mizigo.

Tela lako linaweza kuwa na mfumo tofauti, kwa hiyo usichukue maelezo yangu kama yalivyo. Wenye mfumo wa Schwintek, ambao una mota mbili ndani ya kuta, wanayo njia ya dharura kwenye kisanduku cha kuendeshea: unabonyeza kitufe kilichoandikwa mode mara 6 haraka, ya 7 unashikilia mpaka taa zimulike. Hiyo ikishindikana, mota zinachomolewa waya na watu wanasukuma pande zote mbili kwa usawa. Hapo ndipo mabega ya vijana yanafaa. Mifumo ya haidroliki mingi inakuruhusu kuzungusha pampu kwa drili ya betri. Jua wa kwako ni upi ukiwa bado mjini.

Tangu siku ile kuna sanduku ambalo haliteremki kwenye pikapu yetu: mpini, soketi na kiongezeo chake, mita, fyuzi za akiba zenye ampea zile zile, nyaya za kubusti, msasa, tochi ya kuvaa kichwani, na mikanda miwili. Silikoni kavu ya kupuliza pia. Msipake grisi kwenye reli kwa vumbi letu la Dodoma. Grisi inalikamata na reli inageuka tupa. Kila asubuhi kabla ya kuingiza chumba, mtu apande na ufagio aondoe majani na miiba juu ya paa lake, maana mwiba mmoja wa mgunga unatosha kuchana raba.

Upande wa Bahi kuna jambo lingine. Udongo mweusi wa kule ukilowa unalainika, jeki za tela zinazama kwa viwango tofauti na chasisi inajipinda. Chumba kinakwama ingawa mota ni nzima. Tandika mbao pana chini ya kila jeki hata kama mbingu ni nyeupe, na pima usawa upya kabla ya kugusa kitufe.

Kasoro ninazomdai mwenye tela ni mbili. Betri ilikuwa imechoka kabla hatujaichukua, na alipaswa kuijaribu ikiwa na mzigo, kwa kuingiza na kutoa chumba mbele yetu mara kadhaa. Raba ya juu upande wa nyuma nayo imepasuka kwa jua, vumbi linapita. Mota ameshabadilisha, na betri mpya ameweka. Raba bado. Tumekubaliana ibadilishwe kabla ya mvua za Desemba, na tukienda kulichukua tena tutarudisha chumba kwa mpini kwanza, hapo hapo uwanjani kwake, ndipo tulipe.