Eti nifumue rasta ndipo niingie kikaoni!

Yule kijana wa mapokezi afundishwe adabu kwanza, kompyuta baadaye.

Mahali penyewe ni hapa hapa Dodoma mjini, wanakodisha miwani ya VR kwa ajili ya vikao, ile ukivaa unajiona uko ndani ya chumba kilichochorwa na kompyuta pamoja na wenzako walio mbali. Nilikuwa na wenzangu, mmoja Mwanza, mwingine Arusha, tunapitia mchoro wa zahanati. Navaa miwani, mkanda haupiti. Nina rasta, nimezifunga juu. Kijana akamtazama mwenzake, wakacheka, kisha: "Dada, tatizo ni hizo nywele. Fumua kwanza."

Nifumue! Nimeshinda saluni Majengo kutwa nzima, na hela nimetoa. Nikamuuliza wanaokuja na vilemba huwa anawaambiaje. Akarudi kwenye simu yake. Nikazishusha mwenyewe, mkanda ukapwaya, miwani ikanielemea puani kama tofali. Tangu Facebook wainunue Oculus, kampuni ya miwani hii, mwaka 2014 mabilioni yamemwagwa kwenye mambo haya, na bado mkanda umekatwa kwa kichwa chenye nywele laini!

Haya, ndani. Kusema kweli, sauti nilizipenda mno. Wa Mwanza yuko kushoto, namsikia kushoto. Tulisogea pembeni wawili tukajadili choo cha wajawazito kwa sauti ya chini huku mwenzetu akikagua milango, na hatukumsumbua. Zoom hiyo raha hakuna. Akiongea mmoja, wengine wote kimya. Tukasimama katikati ya chumba cha kujifungulia, tukaona papo hapo kwamba kitanda cha magurudumu hakikati kona ya mlangoni. Karatasi haikutuonyesha hilo.

Basi mtandao wao ukaanza kusuasua. Watu wakiongea ana kwa ana, mmoja akimaliza mwenzake anadaka ndani ya kama moja ya tano ya sekunde. Sauti ikichelewa hata kidogo mnagongana: "Endelea." "Hapana, endelea wewe." Na vile vikaragosi vinavyotuwakilisha humo ndani macho yamekodoka tu, hujui nani anataka kusema.

Kisha umeme ukakatika. Miwani ina betri, ruta haina. Wenzangu wakaganda mikono juu, wakapotea. Jenereta je? "Fundi anakuja, dada." Huyo huyo.

Nilitaka kuwaambia msiende. Ila kama mna mchoro wa jengo, nendeni, mtaona vitu. Au la, subirini wamtoe yule kijana mapokezini. Hela ya muda uliobaki hawajanirudishia mpaka leo.