Bujinkan au To-Shin Do?
Zote mbili ni sanaa za mapigano zenye mizizi katika mbinu za ninja wa Japani, lakini mazoezi yake hayafanani. Bujinkan, iliyoanzishwa na Mjapani Masaaki Hatsumi, imebeba mafundisho ya shule tisa za kale. Mwanafunzi hushika upanga, fimbo, hata mnyororo. Ili kufikia dani ya 5, yaani ngazi ya tano ya mkanda mweusi, huketi amefumba macho, mwalimu akisimama nyuma yake na upanga wa mazoezi, na mwanafunzi lazima akwepe pigo asiloliona. Mtihani huo hunisisimua kila ninapoufikiria.

To-Shin Do, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Stephen K. Hayes, Mmarekani aliyefundishwa na Hatsumi, huanza na mashambulizi ya leo: kukabwa koo, kusukumwa, ngumi ya ghafla. Hufunza pia kuzima ugomvi kwa maneno. Anayeogopa kurudi nyumbani usiku ningempeleka huko kwanza.