Baiskeli za Kukodi Mjini Leh, Ladakh
Duka nililokodi baiskeli karibu na soko kuu la Leh, mji wa eneo la Ladakh kaskazini mwa India, huwapandisha wateja kwa gari hadi Khardung La, njia ipitayo juu ya mlima penye kimo cha zaidi ya mita 5,300, ili wateremke wenyewe kwa takriban kilomita 40 kurudi mjini. Mteremko wenyewe unapendeza mno, ila breki ya nyuma niliyopewa ilikuwa imelika, na fundi aliibadilisha baada ya kusisitiziwa mara mbili. Kwa kuwa Leh iko mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari, nilitangulia kupumzika siku mbili ili mwili uzoee kimo hicho, nikitembea taratibu katika vichochoro vinavyopanda kwenye kasri la ghorofa tisa la karne ya 17, ambako baiskeli ingekuwa mzigo tu.